Majibu Yaliyofutwa

Siku hizo matokeo ya chuo cha uuguzi yalitumwa nyumbani pamoja na kila jibu ambalo mwanafunzi alilifuta. Kwa hiyo Nyamizi alipopata arobaini na nane, mama yake hakuuliza habari za alama.

"Mwanangu, majibu thelathini ulikuwa umeyapata, ukayafuta mwenyewe. Kwa nini?"

"Niliogopa, mama."

Mtihani wa marudio ulipofika, aliapa hafuti kitu. Kila mkono ulipomwasha, aliukalia. Lakini kwenye swali la dozi ya mtoto mchanga alipiga hesabu upya, akaona dozi aliyoandika imezidi mara kumi. Akafuta, akaandika upya.

Matokeo yaliwakuta wakichambua mchele. Themanini na mbili! Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakajaa uani.

"Tena umefuta moja tu," alisema akisoma, kisha sauti ikashuka. "Hili ulilofuta lingemuua mtoto."

"Ndiyo maana nililifuta, mama."

Vigelegele vikaanza upya, vikubwa zaidi. Nyamizi alicheka mpaka machozi, ingawa moyoni alijua kwamba wodini, dawa ikishaingia mwilini, haifutiki.