Hoteli ya Kulala

Siku hiyo mjinga alikuwa Kasembe mwenyewe, wala hakuwa na wa kumsingizia. Binti yake alimtafutia chumba kwenye gesti ya karibu na chuo, yeye akamjibu kwa simu, “Mpe mzazi mwingine. Mimi nitalala hotelini kama watu.”

Jioni akashuka mjini, suti ya mahafali mkononi, akaingia penye ubao ulioandikwa HOTELI MAPUMZIKO. Mwenye hoteli, Bi Mwanaidi, alikuwa akipakua maharage.

“Naomba chumba.”

“Chumba cha nini, baba? Hapa ni wali maharage au ugali dagaa.”

“Ubao unasema hoteli.”

“Na hoteli ndiyo hii, watu wanakula. Pa kulala ni gesti, na leo zote zimejaa. Kesho si mahafali?”

Kasembe akaitundika suti kwenye msumari, akaketi. Kumpigia binti sasa hivi ilikuwa aibu.

“Mna chuo kizima hapa, na maneno hamjui? Hoteli ni pa kulala. Hata kamusi ya binti yangu inasema.”

Bi Mwanaidi akalifuta benchi refu la ukutani, akamwekea sahani.

“Basi kula, baba. Ukimaliza, kamusi ikutandikie.”