Gitaa Jepesi

Ting! Uzi wa gitaa ulilia gizani, nyuma ya ndoo za maji ambazo Sikudhani, tangu afiwe, alizibeba mwenyewe kila siku kutoka kisimani. Umeme ulikuwa umekatika. Akalifuata gitaa kwa kupapasa.

Jioni ile Kibwana, kiongozi wa bendi, ndiye aliyelileta, kwa kuwa arobaini ya mume wa Sikudhani ilikuwa imepita.

"Shemeji, gitaa la marehemu hili hapa. Vifungo vya kukazia nyuzi na vyuma vyake vilishika kutu, tumeweka vipya."

"Mbona jepesi?"

"Chuma cha siku hizi, shemeji! Ulitaka tukujazie mawe?"

Kibwana alicheka peke yake. Bendi ilikuwa na magitaa mawili ya umeme ya mtindo wa zamani, yote mekundu kama pacha, ila moja lilikuwa la mbao nzito. Hilo ndilo la mumewe. Kila dansi lilipokwisha, Sikudhani ndiye aliyelibeba hadi nyumbani, mtoto mgongoni, gitaa begani, mume akiimba nyuma yao. Bega lilimuuma mpaka Jumatatu.

Sasa akavaa mkanda, akasimama wima. Bega halikuuma hata kidogo. Kama wamechanganya, basi la mumewe liko begani mwa mtu mwingine, na kwake imebaki rangi tu.

"Hili si la baba yako," alinong'ona. "La baba lilikuwa zito."

Kitandani, binti yake Mwanaidi akageuka.

"Mama, siku hizi wewe una nguvu."