Ngazi ya Shombo

Mama Kishor alibana pua kwa ncha ya sari, akalisimamisha kapu la Euphrasia katikati ya sebule, akainama mpaka akawa karibu kuingia kapuni.

"Leo nini humu?"

"Shikamoo, mama. Vibua, na changu kidogo."

"Marahaba. Changu! Wa wapi?"

"Wa Magogoni, mama. Wametoka majini sasa hivi."

"Shombo!" Mama Kishor alipaza sauti hadi jikoni. "Kishor! Shombo ndani ya nyumba ya watu wasiokula hata yai!"

Basi ndiyo ilikuwa kengele ya asubuhi pale Kisutu. Euphrasia, mtu wa Songea, alikuwa amepanga chumba cha shimoni, chini ya nyumba ya Wahindi hawa, na ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu, nayo ilianzia jikoni. Kwa hiyo samaki wake, kabla ya kukaangwa na kwenda kuuzwa Kariakoo, walipita kwanza mbele ya picha za miungu, wakampita Vidya, mke wa Kishor, akichambua dengu, ndipo wakateremka kama wageni rasmi.

Kishor aliuza vitambaa katika duka la mbele ya nyumba, na hekaluni alikuwa mtu wa safu ya mbele. Siku moja yalimchosha. "Mama, basi tumwambie ahame."

Mama yake alimrukia. "Ahame? Maskini wa Mungu umtupe nje? Huo ndio ujamaa unaousikiliza redioni? Serikali imechimba soko zima la shimoni pale Kariakoo, ngazi kila upande. Wewe ngazi moja ya nje inakushinda?"

Mtaa mzima ulisikia, maana Mama Kishor hakujaliwa sauti ya siri. Pale bombani watu wakagawanyika. Wapo waliosema kumbe kikongwe ana huruma. Wengine wakasema huruma gani, anataka tu mtu wa kumsimanga asubuhi. Frasia akiondoka, atamgeukia nani? Vidya alipoyasikia hayo, alimwombea Euphrasia maisha marefu.

Akaletwa Mrisho, fundi mwashi wa Buguruni. Sementi ya kibali ilipopatikana, akaanza kuchimba, na Mama Kishor akaketi kwenye stuli juu ya shimo akimwamrisha kama nyapara. Ngazi isitokee mbele, itokee uchochoroni, mahali pasipoonekana kutoka dukani. Pawe na bomba la kushikia. Vidato viwe vifupi.

"Hivi ni vidato vya mtoto, mama," Mrisho alilalamika. "Frasia ana miguu ya kupandia milima."

"Wewe fundi wa ngazi au daktari wa miguu? Fupisha!"

Mrisho akafupisha. Aliposhuka kuomba maji ya kunywa, alimnong'oneza mpangaji. "Dada, mimi ningekuwa wewe ningeanza kufunga mizigo. Chumba chenye mlango wake nje si chumba tena, ni duka. Wakishauziba ule wa jikoni, utasikia kuna shemeji katoka Tanga na vyerehani vyake."

Euphrasia akapiga hesabu. Akitoka hapa aende wapi? Kwa kaka yake Buguruni walikuwa wanalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na bado mke wa pili alikuwa njiani. Samaki akaangwe Buguruni, afike Kariakoo amepoa, nani atamnunua? Wateja wote wangehamia kwa Hyasinta wa kona ya pili, mwanamke ambaye hata chumvi alikuwa anaitia kwa kubahatisha.

Akaamua kujipendekeza. Asubuhi iliyofuata alipita sebuleni na muhogo mtupu, kapu limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa.

Mama Kishor alichungulia, akaghadhibika kuliko siku zote. "Muhogo? Bahari ya Magogoni imekauka?"

"Nimeona nipunguze shombo, mama."

"Nani kakutuma upunguze?"

Hapo Euphrasia akajua ameshahukumiwa. Mtu akikuchoka, hata ukinuka waridi atapiga chafya. Jioni alishusha sanduku lake la bati kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo.

Ngazi ikakauka. Mlango ukatiwa, na ule wa jikoni Mrisho akauziba kwa matofali, akapiga lipu juu yake. Nyumba ikabaki inanukia udi na bizari tu. Kishor, kwa furaha, alimchukua Vidya wakaenda hekaluni kushukuru. Mama yake alisema magoti yanamsumbua, waende tu.

Alasiri ile Euphrasia alikuwa chini, karai limeshika moto, changu wamepakwa chumvi wanasubiri. Akasikia nyayo kwenye ngazi ya nje. Zilikuja polepole, kidato kwa kidato, na mhemo mzito.

"Hodi."

Sauti aliijua. "Karibu, mama."

Mama Kishor aliingia akiwa hajabana pua. Alikitazama kitanda, akayatazama masufuria yaliyopangwa, macho yakamtua kwenye sanduku. Akageuka, akafunga mlango, akasukuma komeo.

"Mizigo ya nini hii?"

"Nimeelewa, mama. Nakuomba tu univumilie mpaka mwisho wa mwezi."

"Acha upuuzi." Mama Kishor alivuta kigoda mpaka karibu na karai, akaketi, akafungua fundo kwenye pindo la sari, akatoa limau na pilipili mbichi. "Yule changu mkubwa, mkaushe vizuri. Na kichwa usikitupe."