Mama Mkwe Mlangoni

Siku hizi mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka haingii nyumbani hadi mwenye nyumba aliye raia amtazame usoni na kusema, "Namjua." Mlango husoma macho yako. Ukisita, mlango wenyewe unaita polisi.

Mama mkwe alifika kutoka Mbale, kuku kwapani. Mke wangu Khainza alizaliwa huko pia, kwa hiyo neno lake halihesabiki. Nikabaki mimi. Lakini kwetu mtu hamtazami mama mkwe. Nikamsalimu nikiwa nimegeukia ukuta, kama miaka yote.

"Hujamtazama," mlango ukasema. "Unaficha nini?"

"Hii ni heshima, mjinga wewe!"

"Simiyu, mtazame tu yaishe," Khainza akanisihi. "Ni usalama wa taifa."

"Taifa zima linamwogopa mama yako?"

Nikageuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso ule. Nikatafuta pua ya Khainza, kidevu chake, chochote. Sikupata. Sauti iliyoitikia salamu yangu ilikuwa ya mama mkwe, ila siku hizi sauti zinauzwa madukani.

"Unamjua?" mlango ukauliza.

Khainza alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.