Presha Zinazopanda Pamoja

Basi bwana, enzi hizo wanandoa ambao presha zao zinapanda pamoja walikuwa hawaruhusiwi kulala nyumba moja, maana wakizidiwa wote nani ataita msaada? Mzee Shekilindi na mkewe, Mama Hoza, wakaitwa zahanati. Nesi akaingiza kwenye kompyuta vipimo vya mwaka mzima vya bangili zao za kupimia presha.

"Babu, presha yako inapanda siku moja katika tano. Ya bibi hivyo hivyo. Lakini kupanda zote mbili siku ileile, kompyuta inasema ni siku moja katika saba. Sheria inataka isizidi moja katika kumi."

"Miaka arobaini nakula chumvi ya huyu," Mzee akasema. "Ulitaka ipande na ya jirani?"

"Punguzeni kufanana, babu. Nawapa miezi mitatu."

Wakarudi nyumbani, kila mtu na sufuria yake, kila mtu na redio yake, hata kugombana wakaacha. Walipopimwa tena wakaambiwa wamefaulu, wakae pamoja.

Jumapili yake simu ikaja: dada yake Mama Hoza amefariki. Mama akaketi jikoni, akalia sana. Mzee akamshika bega, akaitazama bangili yake mwenyewe. Presha yake ilikuwa imetulia tuli, kama ya jirani.