Kifungo cha Koti

Mwinjuma hakuwa na daktari karibu, hakuwa na mtandao, wala rula ya kupimia doa lenye kingo za ovyo. Alikuwa na kompyuta kuukuu. Kila mwezi mkewe, Tunu, aliweka kifungo cha shati kando ya doa jeusi la mguuni mwake mwenyewe na kulipiga picha. Mwinjuma alihesabu kwenye skrini vitone vya picha vilivyounda kifungo, kisha vya doa, akamwandikia daktari wa mbali ukubwa wake.

"Halijakua," alisema tena leo. Ndipo akaona kifungo kina matundu manne. Cha shati kilikuwa na mawili.

"Tunu, hiki kifungo gani?"

Tunu aliendelea kuchambua mchele. "Cha koti lako, Baba Mwanaidi. Ulikuwa hulali kwa wasiwasi."

Kando ya kifungo kikubwa, doa lilionekana dogo. Alipima upya: lilikuwa kubwa mara nne kuliko alivyodhani. Akachukua kalamu na karatasi.

"Mwandikie basi," Tunu alisema. "Ila usitie chumvi."

Mwinjuma alitia barua na vifungo vyote viwili ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akaenda posta na koti lililo wazi kifuani. Bahasha ilipotumbukia sandukuni, vifungo viligongana.