Kitambi cha Bwana Abdulghafur

Kwa mara ya pili tangu Ramadhani, Bimkubwa alikuwa akiipunguza kiuno suruali ya mumewe, na kila alipochoma sindano alihisi anaishona aibu yake mwenyewe.

Bwana Abdulghafur alikuwa amekwisha kuvuka miaka hamsini na mitano. Kule Unguja kitambi chake kilikuwa heshima. Kilimtangulia barazani, na watu wakampisha akae. Sasa, katika nyumba yao ya kupanga ya Langley Park, Marekani, mwaka huo wa tisini na nane, kitambi kilikuwa kikiyeyuka mbele ya macho ya mkewe. Wali wa nazi aliusukuma pembeni. Mandazi hakutaka hata kuyaona. Alikula mayai ya kuchemsha, samaki wa kuchoma, maharage na mboga za majani. Baada ya sala ya alfajiri alitoka na raba miguuni, akarudi jasho likimtiririka.

Aliyemfundisha alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, Kipchumba, Mkenya aliyefanya kazi ya kuwainua na kuwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Kila walipopata wasaa, wawili hao waliteremka chumba cha chini kabisa cha jengo, penye mashine za kufulia, wakajifungia.

"Mnafanya nini huko?" Bimkubwa alimuuliza Kipchumba siku moja ngazini.

Kijana alivitazama viatu vyake. "Ni mazoezi tu, Mama. Huyo mzee ako na nguvu, wacha tu! Lakini hayo mengine umuulize mwenyewe."

Hayo mengine! Maneno hayo yalimkaa Bimkubwa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Bi Zuwena, shoga yake, alipokuja kumjulia hali, ndiye aliyetia chumvi kidondani. "Ng'ombe hazeeki maini, mwenzangu. Mwanamume wa rika lile hajikondeshi kwa ajili ya mke aliyemo ndani. Jitayarishe kumpokea mwenzio. Mwambie tu aje na kitanda chake, nyumba yenyewe hii ndogo!"

Wakacheka. Bimkubwa alicheka kumshinda mgeni, ili machozi yake yaonekane ni ya kicheko.

Kwani alikuwa na lipi la kushindania? Figo zake zilikuwa zimechoka. Kila juma alipelekwa hospitali kusafishwa damu, akarudi amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa. Mumewe hakukosa kumsindikiza, lakini hilo nalo sasa lilimchoma. Kila Bimkubwa alipopanda mizani, Abdulghafur alimuuliza muuguzi uzito wake, akautia akilini kimya kimya, kama mnunuzi anayempima mbuzi aliyekonda. Wala Bimkubwa hakuisahau siku ile daktari alipomwita mumewe nje ya chumba. Alirudi amekunja uso, akasema ni mambo ya bima. Asubuhi iliyofuata ndipo alipokwenda kununua raba. Bimkubwa hakuhitaji mfasiri: mume alikuwa ameambiwa kwamba huyu si mke tena, ni mgonjwa.

Wakati wa chakula alijaribu fumbo.

"Ukizidi kupendeza hivi, Bwana, watu wataniuliza harusi ni lini."

Abdulghafur, mtu aliyezoea kuwatazama watu usoni, aliinamia sahani yake. "Mwanamume hana budi kuwa na mgongo wa kutegemewa," alisema.

"Anautegemea nani?"

Abdulghafur aliisogeza sahani. Uso ulimsawijika kwa haya, akainuka kabla hajashiba. Kwa Bimkubwa, haya ile ilikuwa ushahidi tosha. Wameishi pamoja miaka mingi, wamezaa na kulea, wamevuka bahari wakishikana mikono. Na leo mtu huyo alishindwa kumtajia jina la mwanamke mmoja.

Jumapili alasiri alijipaka wanja, akavaa baibui lake jema na kushika mkongojo. Ikiwa ni kuachwa au kuletewa mke mwenza, ataambiwa akiwa amesimama, tena mbele ya shahidi. Aliteremka ngazi akipumzika kila kona, huku akiyapanga maneno makali kinywani, moja baada ya jingine, kama mtu anayeokota mawe ya kurusha.

Mlango wa chumba cha chini ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Alisikia mihemo. Akachungulia.

Wanaume wawili walikuwa wameinama. Mikononi mwao walibeba magunia ya mchele yaliyofungwa pamoja, moja mbele ya jingine, yakawa na urefu wa mtu, na juu yake yamezungushiwa shuka jeupe. Sakafuni palichorwa kwa chaki mistari miwili iliyokaribiana, na katikati ya mistari hiyo ndipo walipokuwa wakiushusha mzigo.

"Magoti, Mzee. Tumia magoti, si mgongo," alisema Kipchumba.

"Taratibu, mwanangu." Mashavu ya Abdulghafur yalikuwa yamelowa kwa kitu ambacho hakikuwa jasho. "Taratibu. Hapendi kushtuliwa."

Akaulaza mzigo kwa ubavu wa kulia, akauelekeza kibla, kisha akanong'ona, "Bismillahi wa ala millati Rasulillah," kama asemavyo mume amwekapo mkewe mwanandani kaburini.